Vijidudu Vinavyotoa Gesi kwa Nguvu ya Jua

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya matatu: VIJIDUDU, GESI, HAIDROJENI. Wote someni kwa sauti.

Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu. Jioni ni mkali, tena una povu. Nani ameugeuza? Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vimekula sukari yake na kutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayofanya povu.

Haidrojeni nayo ni gesi. Ikiwaka haina moshi wala masizi. Hutoa joto na mvuke wa maji. Mama anayekohoa jikoni kwa moshi wa kuni ataona faida yake mara moja.

Mwaka 1949, huko Marekani, wataalamu Howard Gest na Martin Kamen walieleza kwamba kijidudu kimoja cha rangi ya zambarau hutoa haidrojeni kikipata mwanga. Hula asidi, yaani vitu vichachu, na mwanga hukipa nguvu.

Mbona basi gesi hiyo haijafika jikoni? Kwa sababu hutoka kidogo. Wataalamu wanajaribu kuiongeza hivi:

1. Vijidudu vya juu huvitia kivuli vya chini, kama mahindi yaliyobanana. Kwa hiyo hutumia vyombo vyembamba vinavyopitisha mwanga.

2. Amonia ikizidi katika chakula chao, huacha kutoa haidrojeni. Kwa hiyo hupimiwa chakula.

3. Hula tena sehemu ya haidrojeni vilivyotoa. Wataalamu hubadili mbegu yao visiweze kuila.

4. Vijidudu vya gizani hutangulia kuozesha chakula; vya zambarau hula asidi inayobaki.

Kazi hii ingali ya maabara. Lakini vijidudu vya gizani tunavyo tayari. Tangu miaka ya 1980 shirika la CAMARTEC la Arusha limeeneza mitambo ya samadi. Gesi yake kubwa ni methani. Mfugaji wa Rungwe au Mufindi mwenye ng'ombe wawili au zaidi zizini aweza kupikia gesi hiyo, na tope linalobaki ni mbolea ya shamba. Baridi ya kwetu huvichelewesha vijidudu. Ndiyo sababu mtambo hujengwa chini ya ardhi.

Maswali:
1. Haidrojeni ikiwaka hutoa nini?
2. Kwa nini vyombo vya vijidudu vya zambarau huwa vyembamba?
3. Kijijini kwenu, samadi hutumiwaje?

Jibuni katika madaftari yenu. Kwaherini.