Begeli: Mkate unaooga kabla ya kuingia motoni

MIKATE ipo mingi duniani, lakini ni michache inayoogeshwa maji ya moto kabla ya kuokwa. Mmojawapo ni begeli, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, ambao vijana wengi wa mjini waliuona kwenye sinema za New York kabla ya kuuona kwenye sahani. Siku hizi unaupata hata katika baadhi ya migahawa ya Nairobi na Dar es Salaam. Na pale ukiandikiwa kuwa ni wa "vegani", usishangae kukuta bei nayo imepanda ngazi.

Sasa vegani ni nani? Ni mtu asiyekula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama hali, samaki hali, mayai, maziwa, siagi, hata asali haitaki. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Wapo wanaoishi hivyo kwa kuwahurumia wanyama, wapo wanaofuata imani yao, na wapo wanaotafuta afya. Halafu kuna wale ambao jina hilo hawalijui kabisa lakini mambo yao ni hayohayo: mtoto anayetoka vipele akinywa maziwa, Mkristo wa Kiorthodoksi aliye kwenye mfungo, au kijana wa geto ambaye ikifika tarehe 28 friji lake lina maji na barafu tu.

Wote hao begeli inawafaa. Na wala si kwa sababu kuna mtaalamu aliyekaa akaibadilisha kwa ajili yao. Begeli ya asili ilizaliwa hivyo hivyo: unga, maji, chumvi, hamira na utamu kidogo. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiuziwa jina "vegani" kwa bei ya juu, ujue umeuziwa kitu ambacho kilikuwamo tangu mwanzo.

CHAKULA CHA WATU WA KAWAIDA

Begeli ni mkate wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, hasa Poland. Kuna hadithi tamu kwamba ulibuniwa huko Vienna mwaka 1683 kumpongeza mfalme wa Poland, Jan Sobieski, baada ya kuwashinda Waturuki, na kwamba umbo lake ni la kikuku cha kukanyagia mpanda farasi. Hadithi inapendeza, ila tarehe zinaikataa. Kumbukumbu za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków za mwaka 1610 tayari zinautaja mkate huo, yaani miaka zaidi ya 70 kabla ya vita hivyo.

Kwa nini hauna maziwa? Hapa sheria za dini zina mkono wake. Myahudi anayeshika dini hachanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja. Mkate ukitiwa maziwa hauwezi tena kukaa meza moja na mchuzi wa nyama. Mkate usio na maziwa unakwenda popote. Mayai hayakukatazwa, na zipo begeli za mayai, lakini ile ya kawaida ya maji ndiyo iliyowalisha wengi kwa sababu ni rahisi kuimudu.

Na lile tundu je? Si urembo. Linausaidia moto kufika katikati, na pia wachuuzi waliweza kuzitunga begeli kwenye fimbo au kamba na kuzitembeza mtaani. Machinga wa enzi zile, kwa kifupi.

MIKONO ILIPOKUTANA NA MASHINE

Wahamiaji wa Kiyahudi waliubeba ujuzi huo hadi New York. Waokaji walifanya kazi usiku, wengi katika vyumba vya chini ya ardhi vyenye joto ile mbaya. Baadaye walikuwa na chama chao, Local 338, chenye wanachama wapatao 300 tu. Kuingia humo haikuwa mchezo, kwa kawaida uwe mtoto wa mwanachama au mkwe wake. Desemba 1951, kutokana na mgogoro wa kazi, viwanda 32 kati ya 34 vya begeli jijini humo vilifungwa. Jiji zima likabaki linaulizana begeli ziko wapi. Hebu fikiria Dar iamke asubuhi bila chapati!

Nguvu hiyo haikudumu. Daniel Thompson, mwalimu wa hesabu wa California, alitengeneza mashine ya kuviringa begeli, na mwaka 1963 kampuni ya Lender's ya New Haven ikaikodi. Mtu mmoja asiye na ujuzi akaweza kutoa begeli nyingi kuliko fundi aliyeanza kazi tangu utotoni. Begeli zikafungwa kwenye mifuko, zikagandishwa, zikasambaa Marekani nzima. Nguvu ya chama ikayeyuka. Viwanda vingi vikaacha hata kuchemsha, vikapuliza mvuke tu, na mkate ukawa laini kama mkate mwingine wowote wenye tundu.

Ndiyo maana kupika begeli kwa mikono yako si anasa. Ni ujuzi uliokuwa unaelekea kupotea, na unaingia kwenye jiko lolote lenye sufuria.

VITU VYENYEWE

Kwa begeli 8 tafuta hivi:

- Unga wa ngano gramu 500 (vikombe 4 vya kupimia). Chukua unga wa mkate. Ukikosa, wa chapati unafaa. Wa keki achana nao, hauna nguvu ya kuvutika.
- Maji mililita 290 hivi (kikombe 1 na vijiko vikubwa 3).
- Hamira kavu kijiko cha chai 1.
- Chumvi kijiko cha chai 1 na nusu.
- Sukari guru iliyopondwa, kijiko kikubwa 1.
- Ufuta wa kupamba.

Kwa maji ya kuchemshia: maji lita 2, sukari guru kijiko kikubwa 1 na bekingi soda kijiko cha chai 1. Angalia hapo: bekingi soda ya kupikia, siyo magadi ya kutengenezea sabuni!

Mafundi wa New York hutumia shira ya kimea cha shayiri badala ya sukari guru. Kimea si kitu kigeni kwetu, bibi zetu wamekitumia kwenye togwa miaka nenda rudi. Lakini shira hiyo si rahisi kuipata dukani, na sukari guru inaleta rangi na harufu nzuri tu.

HAYA, TUINGIE JIKONI

Kwanza, changanya unga, hamira, sukari guru na chumvi, kisha mimina maji kidogo kidogo. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati. Usiogope, na usikimbilie kuongeza maji. Ugumu huo ndio unaoifanya begeli iwe ya kutafuna.

Pili, kanda dakika 12 hadi 15. Ndiyo, mikono itauma. Kama kuna kaka hapo nyumbani anajisifia mazoezi ya kunyanyua vyuma, mwite aje aonyeshe. Donge likiwa tayari linakuwa nyororo, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi taratibu.

Tatu, lipake mafuta kidogo, funika kwa kitambaa kibichi na uliache liumuke dakika 45 hadi 60. Kwa joto la pwani tumia maji ya baridi ya kukandia, maana hamira ikipata joto jingi inakwenda mbio na ladha haipati muda wa kujijenga. Wenye friji wanaweza kutengeneza maduara jioni, wakayafunika vizuri na kuyaweka ndani ya friji hadi asubuhi. Ladha yake, usipime.

Nne, gawa matonge 8 yenye uzito sawa, kama gramu 100 kila moja. Viringa yawe mipira, yapumzishe dakika 5, kisha toboa kila mpira kwa kidole gumba na uuzungushe hadi tundu liwe na upana wa vidole viwili au vitatu. Utaona kubwa mno, lakini likiumuka litapungua. Ukitoboa kitundu cha aibu, begeli itaziba na utabaki na skonzi. Funika tena, acha dakika 15 hadi 20.

Tano, zipime. Tia moja kwenye bakuli la maji ya baridi. Ikielea, mambo tayari. Ikizama, itoe, ifute maji, subiri dakika 10 na ujaribu tena.

SIRI IKO KWENYE MAJI

Sasa tumefika penyewe. Chemsha yale maji ya sukari guru na bekingi soda. Yakitokota, tumbukiza begeli mbili tatu kwa pamoja. Sekunde 45 upande mmoja, geuza, sekunde 45 upande wa pili. Zitoe kwa kijiko chenye matundu na uziache zichuje maji.

Kinachotokea humo ni hiki: wanga wa juu unaiva na kugeuka kama uji mzito unaoizunguka begeli nzima. Ngozi hiyo inaizuia isifure sana ndani ya oveni, hivyo kati inabaki imeshikana. Ngozi hiyohiyo ndiyo inayotoa mng'aro, na bekingi soda inasaidia rangi ya kahawia kuja vizuri. Wale wanaopaka yai ili mkate ung'ae wanaweza kulirudisha kwenye trei. Maji yameshamaliza kazi.

Zikiwa bado mbichimbichi, chovya upande wa juu kwenye ufuta, utaganda wenyewe. Nyunyiza sembe kidogo kwenye trei zisishike, kisha oka kwa moto wa nyuzi 220 dakika 20 hadi 25, mpaka ziwe kahawia. Ziache zipoe walau dakika 20 kabla ya kukata. Najua ni mtihani.

HUNA OVENI?

Wala usinune. Keki za sherehe ngapi zimeivia kwenye jiko la mkaa? Chukua sufuria nzito, weka mchanga mkavu au vijiwe chini, juu yake sahani ya bati yenye begeli, kisha funika kwa mfuniko bapa wa bati. Palia mkaa juu na chini. Sufuria iwe imepata moto kabla ya kuingiza begeli, na moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo utaunguza makalio yake huku usoni hazina rangi. Chungulia baada ya dakika 20. Jambo moja la maana: mkaa uuwashe nje au mahali penye hewa, kamwe usiwe chumbani mlikofunga madirisha. Moshi wake usioonekana unaua.

Zikitoka bapa, ziliumuka kupita kiasi au donge lilikuwa na maji mengi. Zikijikunja ngozi kama za bibi kizee, zimekaa mno kwenye maji au zimesubiri sana kabla yake. Dawa ni kupunguza muda mara nyingine.

TUPAKE NINI?

Wamarekani wanapenda jibini laini. Sisi tuna korosho za Mtwara na Lindi. Nunua vipande vilivyovunjika, huwa bei nafuu. Viwe havijakaangwa. Loweka kikombe 1 kwenye maji ya moto saa nzima, mwaga maji, kisha saga na limau moja, chumvi na maji kidogo sana hadi viwe laini. Tia majani ya kitunguu yaliyokatwa. Mgeni akila, hatauliza maziwa yako wapi. Ukiwa na haraka, parachichi lenye chumvi na pilipili, au siagi ya karanga, linatosha.

Kama unanunua badala ya kupika, uliza maswali. Unga wa maziwa, siagi na yai la kupaka juu hujificha humo. Begeli za Montreal, Kanada, kwa desturi huchemshwa kwenye maji ya asali, na donge lake huwa na yai. Kwenye mikate ya viwandani angalia namba E920: ni kiongezo cha kulainisha donge ambacho kinaweza kutengenezwa kutokana na manyoya ya ndege. Kwa anayejizuia kwa sababu ya mzio, maswali hayo si maringo bali ni usalama wake.

Tena tusijione wageni kwenye mambo haya. Mkate wa ufuta wa Zanzibar na mahamri ya tui la nazi vimekuwapo bila tone la maziwa ya ng'ombe, na hakuna aliyeviandikia bango. Begeli ni jamaa yao wa mbali, kutoka nchi ya baridi.

Zile zitakazobaki zikate kati siku hiyohiyo na uzigandishe. Kesho yake zibanike juu ya kikaango kikavu, zitarudi uhai. Na jirani akiuliza umenunua wapi, mpe unga nusu kilo na mwambie aje Jumamosi, aje na mikono yake.