Kitambaa Badala ya Mbao: Njia ya Kujenga Paa Jembamba la Zege

Paa la zege humwagwa juu ya mbao zinazoshikiliwa na mirunda, ambayo hubomolewa zege likishakomaa. Paa likiwa la kuba, mbao hizo hulazimika kukatwa kwa kufuata mpindo, na gharama yake huweza kuizidi ya zege lenyewe. Kwa sababu hiyo, wahandisi katika nchi mbalimbali wamegeukia kitambaa.

Kitambaa hukazwa kwenye fremu au kamba za chuma, kikapakwa tabaka jembamba la saruji, na likishaganda huongezwa zege. Unene wa sentimita chache hutosha, kwani umbo lililopinda husukuma uzito hadi kwenye kingo kwa kulibana zege badala ya kulikunja. Kanuni hiyo si ngeni Unguja. Kuba za mabafu ya Kidichi, yaliyojengwa karne ya 19 enzi za Sayyid Said, ni za mawe na chokaa, na zingali zimesimama.

Katika miaka ya 1940 mhandisi wa Ireland, James Waller, alitandaza magunia juu ya matao na kuyapaka saruji. Magunia yalipobonyea kati ya tao na tao, paa lilipata mawimbi yaliyoliongezea uimara. Mwaka 2018, mjini Mexico City, kitambaa kilichofumwa kwa mashine pamoja na kamba zake, vyote vikiwa na kilo 55 tu, kilibeba zaidi ya tani 5 za zege.

Kwa Unguja, ambako mchanga wa ujenzi unazidi kuadimika, faida iko wazi. Tatizo ni chumvi ya bahari. Nondo zilizofunikwa na zege jembamba hushika kutu upesi, zikavimba na kulipasua, hivyo nyuzi za kioo zinazostahimili saruji ni salama zaidi. Hesabu za mhandisi nazo ni za lazima: paa nene huweza kuvumilia kosa la umbo, jembamba halivumilii.

Ndani ya Mji Mkongwe, uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, mbinu hii haifai kwa ukarabati. Kuta za mawe na chokaa hupitisha unyevu, ilhali saruji huufungia ndani na kuzidhoofisha. Tena, ukarabati huko huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nafasi yake ni katika majengo mapya nje ya eneo hilo, na pa kuanzia ni penye paa dogo: kituo cha daladala au banda la soko.