Jinsi Mwali wa Gama Ulivyopima Kiini cha Atomu

Mtoto akitumwa dukani na shilingi 100, akarudi na baki ya shilingi 60, mama yake hana haja ya kuuliza bei: ni shilingi 40. Kwa hesabu nyepesi kama hiyo wataalamu walipima kitu ambacho hapana jicho lililopata kukiona, nacho ni fungo linaloshika pamoja kiini cha atomu.

Vitu vyote tuvishikavyo vimefanyizwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu mna kiini. Ndani yake mna protoni, zenye umeme, na nyutroni, zisizo na umeme. Bwana James Chadwick alivumbua nyutroni mwaka 1932 huko Cambridge, Uingereza. Lakini swali likabaki: je, nyutroni ni chembe yenyewe, au ni protoni na elektroni zilizogandamana?

Mwaka 1934 Chadwick na Maurice Goldhaber, mwanafunzi aliyetoka Ujerumani, walitwaa gesi ya haidrojeni nzito, ambayo kiini chake ni protoni moja na nyutroni moja tu. Wakaipiga kwa miali ya gama itokayo katika thoriamu. Miali hiyo ni jamaa ya nuru, ila jicho haliioni, na nguvu zake ni nyingi mno. Viini vikapasuka, protoni zikaruka, na chombo kikaandika alama zake. Walipotia haidrojeni ya kawaida, isiyo na nyutroni, alama hizo hazikuonekana. Walipotumia miali ya radiamu, iliyo dhaifu zaidi, zilionekana chache mno.

Basi na turudi dukani. Nguvu hupimwa kwa elektroni-volti; tuseme kila elektroni-volti 10,000 ni shilingi moja. Mwali wa thoriamu uliingia na shilingi 262. Protoni na nyutroni zikatoka mbio, zimegawana shilingi 40. Kwa hiyo bei ya kulifungua fungo, kwa vipimo vya leo, ni shilingi 222.

Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba nguvu nayo ina uzito. Basi, chukua uzito wa kiini kile, ongeza bei ya fungo, toa uzito wa protoni: kilichobaki ni uzito wa nyutroni. Nao ulizidi uzito wa protoni na elektroni pamoja. Lakini vitu vinaposhikamana hutoa nguvu, na uzito wao hupungua kidogo, hauzidi. Kwa hiyo nyutroni si mchanganyiko, bali ni chembe yenyewe. Tena uzito huo uliozidi ndio unaofanya nyutroni zilizo nje ya kiini zisidumu: kwa muda wa dakika 10 hivi, nusu yake huwa zimegeuka protoni.

Siku hizi, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wataalamu hugonganisha nuru ya leza na elektroni ziendazo kasi sana, nuru ikarudi kuwa miali ya gama yenye nguvu waliyoichagua wenyewe. Vyombo vimebadilika, lakini hesabu ni ile ile: jua ulichotoa, hesabu baki, nawe utaijua bei.