Jina Lililopo Lakini Halionekani: Kutafuta Hitilafu Katika Hifadhidata ya Shule na Kuhamia Toleo Jipya

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha huko Mbagala, Tandika, Tandale au Kawe, kitu cha kwanza akabidhiwacho ni daftari la mahudhurio. Siku hizi huenda akakabidhiwa na cha pili, yaani kompyuta ya ofisi ya taaluma, pamoja na agizo fupi la kuingiza majina na alama. Aghalabu haelezwi afanye nini jina likikosekana. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo, na papo hapo kuonyesha jinsi jambo lenyewe liwezavyo kufundishwa darasa la sita au la saba kwa kadi za manila, hata pasipo kompyuta moja darasani.

Kwanza hatuna budi kueleza hifadhidata ya kimahusiano ni kitu gani. Mwaka 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali, na jedwali moja lihusishwe na jingine kwa namba inayopatikana katika yote mawili. Faida yake twaiona hapa hapa mjini. Manispaa ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, na ile ya Kigamboni kutoka Temeke, katika miaka ya 2015 na 2016, shule za Kimara na za Kibada zilibadilika manispaa bila kusogea hata hatua moja. Mwalimu aliyekuwa ameandika neno "Temeke" mbele ya jina la kila mwanafunzi ilimpasa kulifuta mara mia kadhaa, na akiruka mstari mmoja, basi mtoto mmoja hubaki nyuma peke yake katika manispaa ya zamani. Katika hifadhidata, jedwali la wanafunzi huwa na namba ya shule tu. Jina la manispaa limo katika jedwali la shule, nalo hubadilishwa mara moja.

Programu tutakayoizungumzia ni PostgreSQL. Asili yake ni kazi iliyoanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina lake la sasa lilianza kutumika mwaka 1996. Ni programu huria, maana yake yeyote aweza kuipata bila malipo, kuisoma ilivyoandikwa na kuirekebisha. Mfumo wa DHIS2, unaotumiwa na sekta ya afya nchini kukusanya takwimu za zahanati na hospitali, huzihifadhi humo. Hali kadhalika, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam walipopita katika mitaa yenye mafuriko kuchora Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, nyumba na mitaro waliyoiandika iliingia katika hifadhidata ya OpenStreetMap, ambayo nayo ni PostgreSQL. Hao wa OpenStreetMap walikuwa wakitumia programu nyingine, MySQL, hadi Aprili 2009, walipositisha uhariri kwa siku chache ili wahame. Tunalitaja hilo kwa sababu moja. Wenye ujuzi wakubwa walikubali kufunga mlango wakati wa kuhama, na mwalimu mwenye kompyuta moja asione aibu kufanya vivyo hivyo.

Sasa tusimulie yaliyotukuta. Tulikuwa tukisimamia wanachuo katika shule moja ya Temeke, ambayo hatutaitaja. Shuleni hapo mtoto aliyeandikishwa tangu darasa la kwanza alipewa namba tupu, kama 11 au 12. Aliyehamia kutoka shule nyingine alipewa namba yenye kistari, kama 1-1 au 1-2. Kompyuta iliharibika, fundi akaitengeneza, akaweka mfumo endeshi mpya, kisha akayarudisha mafaili ya hifadhidata kama yalivyokuwa. Kila kitu kikawaka vizuri. Baada ya siku chache mwanachuo mmoja akamtafuta mtoto mwenye namba yenye kistari ili amwekee alama za Hisabati, akajibiwa na kompyuta kwamba hayupo. Akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akamwandika upya. Kompyuta ikakubali. Mwisho wa muhula mtoto yule alikuwa na mistari miwili, mmoja una alama za Kiswahili na mwingine una alama za Hisabati, na katika orodha zote mbili alionekana ameshindwa. Barua ya kumwita mzazi ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Tatizo lilikuwa wapi? Mstari wa kwanza wa mtoto haukupotea kamwe. Kilichoharibika ni fahirisi, na hapa ndipo somo la kadi linapoanzia.

Mwalimu akate kadi nne za manila na kuziandika 11, 12, 1-1 na 1-2. Awaeleze wanafunzi kwamba ziko kanuni mbili za kuzipanga. Kanuni ya zamani yasema: ukisoma, usikijali kistari, namba zikilingana, yenye kistari ifuate nyuma. Kwa kanuni hiyo kadi zitapangwa hivi: 11, 1-1, 12, 1-2. Kanuni mpya yasema: kistari ni alama kama nyingine, nacho hutangulia tarakimu zote. Kwa kanuni hiyo zitapangwa: 1-1, 1-2, 11, 12. Kadi zipangwe mezani kwa kanuni ya zamani, kisha zifunikwe. Aitwe mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kanuni mpya tu, aambiwe atafute 1-2. Asifunue zote, kwani kompyuta yenye maelfu ya mistari haifanyi hivyo. Huanzia katikati na kuliacha kila mara fungu lisilohitajika. Afunue kadi ya tatu, aone 12. Kanuni yake yamwambia 1-2 hutangulia 12, basi aende kushoto. Afunue kadi ya pili, aone 1-1. Kadi yake yapaswa kuwa baada ya hiyo, na kati ya hizo mbili hamna kitu. Atasema, "Haipo." Darasa zima litakuwa linaitazama pale mwisho wa meza, kulia.

Wapewe nafasi ya kubishana. Tumeona watoto wakimshutumu mtafutaji kuwa ni mzembe, ilhali amefuata kanuni yake barabara. Mwalimu asiharakishe kuwasahihisha. Mabishano hayo yana thamani kuliko maelezo yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa kawaida PostgreSQL huitegemea maktaba ya mfumo endeshi kujua mpangilio wa herufi na alama. Mwaka 2018 maktaba iitwayo glibc, itumikayo katika mifumo mingi ya Linux, ilibadilisha mpangilio huo katika toleo lake la 2.28. Fahirisi iliyopangwa kabla yake na kusomwa baada yake huwa kama meza yetu. Na kwa kuwa kompyuta hutumia fahirisi hiyo hiyo kuhakikisha namba haijarudiwa, iliruhusu namba moja iandikwe mara mbili.

Tuliitengeneza hivi. Tulisimamisha uingizaji wa alama, tukachukua nakala ya mafaili yote kabla ya kugusa chochote. Kisha tukatoa amri ya kupanga upya fahirisi. Amri ilikataa, ikatoa ujumbe kwamba namba fulani imerudiwa. Mwanachuo wetu alihuzunika alipouona ujumbe huo. Sisi tulifurahi, maana ulitutajia namba yenyewe. Ujumbe wa hitilafu yafaa uandikwe kwenye daftari neno kwa neno, kwani kuusimulia kwa kukumbuka huondoa lile neno moja lililohitajika. Tulilinganisha mistari miwili na daftari la karatasi, tukaunganisha alama, tukafuta mstari wa ziada, tukatoa amri tena, nayo ikapita. Barua kwa mzazi ikachanwa.

Kuhusu kuhamia toleo jipya, mwanachuo atofautishe mambo mawili. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, tarakimu ya kwanza huonyesha toleo kuu na ya pili marekebisho madogo. Kutoka 16.1 kwenda 16.2 ni kubadilisha programu na kuiwasha upya, taarifa haziguswi. Kutoka 15 kwenda 16 ni kuhama nyumba, kwa kuwa programu mpya hukataa kuyafungua mafaili ya toleo kuu lililotangulia. Kila toleo kuu hupewa marekebisho kwa miaka 5, kwa hiyo kuhama hakuepukiki. Njia ni mbili hasa. Chombo kiitwacho pg_dump huandika yaliyomo yote upya, kama mwalimu anayenakili rejista katika daftari jipya; fahirisi nazo hujengwa upya. Chombo kingine, pg_upgrade, huyachukua mafaili karibu kama yalivyo. Ni cha haraka, lakini hubeba fahirisi za zamani pamoja na kasoro zake. Kwa shule yenye wanafunzi elfu mbili au tatu, haraka hiyo haina faida yoyote, nasi twapendelea ile ya kwanza.

Nakala ya akiba isihesabiwe kuwa nakala mpaka irudishwe katika kompyuta nyingine na mistari ihesabiwe: wanafunzi wangapi, alama ngapi, kila darasa kwa jumla yake. Sisi wenyewe tumewahi kutunza diski tuliyoiamini muda mrefu, na siku ya kuihitaji tukaikuta tupu.

Jambo la mwisho ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, PostgreSQL ikiwashwa tena husoma kumbukumbu ya mabadiliko na kujirekebisha yenyewe, iachwe imalize. Kumbukumbu hiyo hukaa katika folda iitwayo pg_wal. Kabla ya toleo la 10 iliitwa pg_xlog, na baadhi ya watu, diski ilipojaa, walidhani ni taarifa za kawaida za matukio, wakaifuta na kuipoteza hifadhidata. Jina likabadilishwa kwa sababu hiyo. Diski ikijaa, ondoa picha na video zilizohifadhiwa katika kompyuta hiyo, ambazo katika ofisi za shule hazikosekani.