Mlio wa Simu Inayoita: Unatoka Wapi, na kwa Nini Lazima Uwe wa Kweli

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapopiga simu katika ofisi ya umma na kusikia mlio wa kuita mara kumi bila kujibiwa, hitimisho lake huwa moja: kuna mtumishi aliyekaa mbele ya simu na hataki kuipokea. Wakati mwingine hitimisho hilo ni sahihi. Wakati mwingine simu ya ofisini haikuita hata mara moja, kwa kuwa mlio aliousikia haukutoka kwenye simu aliyoipigia. Huenda ulitengenezwa na simu iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe.

Tofauti hiyo inazidi kuwa na uzito kadiri ofisi, benki, hospitali na vituo vya huduma kwa wateja vinavyohamisha simu zao kutoka kwenye nyaya za zamani kwenda kwenye mtandao wa intaneti. Makala haya yanaeleza mahali mlio huo unapotengenezwa, namna ya kuutoa bila kuulemea mtandao, na hasara inayotokea pale unaposikika bila kuwa wa kweli.

Mlio na kengele ni vitu viwili

Tangu enzi za simu za mezani, mlio anaousikia mpigaji na kengele inayolia upande wa pili vimekuwa vitu viwili tofauti. Mtambo wa simu wa upande wa anayepigiwa ulipeleka umeme wa kuliza kengele yake na, wakati huohuo, ukarudisha mlio kwa mpigaji. Viwili hivyo havikulazimika kwenda sambamba, ndiyo maana mtu angeweza kuipokea simu kabla mpigaji hajasikia mlio wowote.

Kwa kuwa mlio ulitoka mbali, ulibeba pia desturi ya nchi ulikotoka. Nchini Marekani mlio husikika kwa sekunde 2 na kunyamaza kwa sekunde 4. Nchini Uingereza husikika mara mbili kwa mkato, kisha kimya. Katika mfumo huo wa zamani, njia nzima ilikuwa imekwishatengwa kwa ajili ya simu hiyo moja, hivyo kupitisha mlio hakukuongeza mzigo. Katika intaneti hali ni tofauti: sauti hukatwakatwa kuwa pakiti ndogondogo, na kila pakiti huchukua nafasi ambayo ingetumiwa na mawasiliano mengine.

Ujumbe mmoja badala ya pakiti elfu moja

Simu nyingi za intaneti, pamoja na simu za sauti zinazopita kwenye mtandao wa 4G, huanzishwa kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo msingi wake wa sasa ulichapishwa mwezi Juni, 2002 katika waraka wa kiufundi RFC 3261. Mpigaji anapopiga, mitambo hujibizana kwa ujumbe wenye namba. Namba 100 ina maana kwamba ombi limefika na linashughulikiwa. Namba 180 ina maana kwamba simu ya upande wa pili inaita. Namba 183 hutoa taarifa ya maendeleo ya simu, na mara nyingi huambatana na sauti inayotumwa kabla simu haijapokelewa. Namba 200 ina maana kwamba imepokelewa.

Hapo ndipo njia mbili zinapotengana. Katika njia ya kwanza, simu ya mpigaji hupokea ujumbe namba 180 kisha yenyewe hutengeneza mlio. Katika njia ya pili, seva iliyo mbali hutengeneza mlio na kuutuma kama sauti ya kawaida.

Hesabu yake si ngumu. Kwa mfumo wa sauti unaotumika sana, G.711, hutumwa pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo ya safari. Huo ni mzigo wa kilobiti 80 kwa sekunde. Simu ikiita kwa sekunde 20, pakiti 1,000 zitakuwa zimesafiri kwa ajili ya mlio peke yake. Simu 1,000 zikiita kwa pamoja, mzigo unafikia megabiti 80 kwa sekunde. Ujumbe namba 180, kwa upande wake, kwa kawaida hutosha ndani ya pakiti moja.

Pale sauti inapolazimika kutumwa

Zipo nyakati ambazo njia ya pili haiepukiki. Wimbo uliochaguliwa na mteja uchezwe badala ya mlio lazima utoke kwenye mtandao. Vivyo hivyo tangazo kwamba mteja hapatikani, au mlio unaotoka katika mtandao wa zamani uliounganishwa na ule wa intaneti.

Hata hapo mzigo unaweza kupunguzwa. Seva haina haja ya kuitengeneza sauti upya kwa kila mpigaji. Faili huandaliwa mapema katika kila mfumo wa sauti unaotumika, huhifadhiwa katika kumbukumbu ya seva mara moja, kisha wapigaji wote husomewa nakala hiyohiyo. Mzunguko mmoja wa mlio wa sekunde 1 na kimya cha sekunde 4 ni baiti 40,000 tu katika G.711, nao hurudiwa hadi simu ipokelewe au ikatwe.

Ili milio miwili isigongane sikioni, waraka RFC 3960 wa mwaka 2004 uliweka utaratibu ulio wazi. Sauti ikifika kutoka mtandaoni, simu icheze sauti hiyo. Ujumbe namba 180 ukifika bila sauti, simu itengeneze mlio wake. Bila ujumbe huo, simu isitengeneze mlio kamwe.

Ukimya na mlio wa uongo

Utaratibu huo ukivunjwa, matokeo huwa ya aina mbili. La kwanza ni ukimya: mtandao umeahidi sauti, lakini ukuta wa usalama wa ofisi umezizuia pakiti zake. Mpigaji hudhani simu imekufa, hukata na kupiga upya. Kwa anayepiga 112 kuita polisi au 114 kuita zimamoto, kukata huko kunaweza kumrudisha mwanzo wakati ambapo simu yake ilikuwa tayari inaita.

La pili ni mlio wa uongo, yaani mlio unaochezwa kabla simu ya upande wa pili haijaanza kuita. Nchini Marekani, wakazi wa vijijini walilalamika kwamba waliowapigia walisikia simu ikiita, ilhali kwao haikulia kabisa. Simu hizo zilipitishwa kwa makampuni kadhaa ya kati, na mlio ulimfanya mpigaji aendelee kusubiri huku njia ikitafutwa. Mwaka 2013, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) ilipiga marufuku mlio wa aina hiyo. Madhara yake yako wazi: kosa la mtandao hubebeshwa mtu ambaye hakuitwa.

Yanayopaswa kuzingatiwa

Ofisi inayofunga mfumo wa simu za intaneti inashauriwa kuupima kutoka nje, kwa kupiga kutoka mitandao mbalimbali huku mtumishi akiwa mbele ya simu inayopigiwa. Ihakikishwe kwamba mlio hauanzi kabla simu ya mezani haijalia, kwamba hakuna ukimya, na kwamba swichibodi haitoi taarifa ya kuita ilhali simu ya mhusika imechomolewa.

Mwananchi anayepata tatizo hilo mara kwa mara aandike tarehe, saa, namba aliyopiga na alichosikia: mlio, ukimya au tangazo. Maelezo hayo ayawasilishe kwanza kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika na majibu, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kwa saa na namba hiyo, fundi anaweza kutazama kumbukumbu za mtambo na kubaini kama simu iliita bila kupokelewa, au haikufika kabisa.