Je, Wajua? Anayekulaza Ndiye Anayeulinda Ubongo

Boda boda ikianguka Dranya, wilayani Koboko, kwenye pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, kila mtu huuliza: daktari wa kupasua kichwa atapatikana wapi? Swali zuri. Ila yuko mtaalamu mwingine ambaye wengi hawamjui hata kwa sura, yule wa nusu kaputi, anayemlaza mgonjwa, kumpumulia na kuichunga presha yake. Yafuatayo yanamhusu yeye na ubongo anaoulinda. Mengine ilibidi niyasome mara mbili ndipo nikaamini.

Ubongo ukipasuliwa, mtu wa usingizi hunyang'anywa nafasi yake

Katika upasuaji mwingi, mtaalamu wa usingizi hukaa upande wa kichwani ili auone uso wa mgonjwa. Kikipasuliwa kichwa chenyewe, mahali hapo huwa pa mpasuaji. Yeye husogezwa ubavuni au miguuni, na uso wa mgonjwa hufunikwa kwa vitambaa kwa saa nyingi. Mrija wa pumzi ukichomoka wakati huo, kuufikia ni kazi kubwa.

Kwa sababu hiyo mrija hukazwa mapema, tena kwa plasta mashavuni, wala si kwa kamba ya kuzunguka shingo. Kamba ikibana shingo huzuia mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, na damu isiyopata njia ya kutoka huujaza ubongo. Hebu fikiria: kamba nyembamba tu, na ubongo unavimba!

Kila dakika ubongo hupitisha damu ya kujaza chupa moja na nusu ya soda

Chupa ninayosema ni ile ya nusu lita. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, karibu asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Akiba haujiwekei. Damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache seli huanza kufa.

Ubongo unaweza kupunguzwa ujazo kwa pumzi tu

Hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Hewa ya kaboni tunayoitoa tukipumua ndiyo inayoamuru mishipa ya ubongo itanuke au ijikunje. Ikipungua katika damu kwa milimita moja tu ya zebaki, damu inayoingia ubongoni hupungua kwa asilimia 3 hivi. Mpasuaji akilalamika kwamba ubongo umejaa mno, mtaalamu wa usingizi huongeza kidogo kasi ya mashine ya kupumulia, na baada ya dakika chache ubongo unanywea mbele ya macho yao.

Akizidisha, mishipa hujikunja kupita kiasi na ubongo hukosa oksijeni. Akizembea, kaboni hujaa na ubongo huvimba. Fuvu la mtu mzima halitanuki hata kidogo: humo ndani mna ubongo, damu na maji ya uti wa mgongo, na kimoja kikiongezeka ni lazima kingine kipungue, la sivyo shinikizo hupanda.

Kuna njia nyingine isiyogharimu hata shilingi: kuinua upande wa kichwani wa kitanda kwa nyuzi 30, shingo ikiwa imenyooka. Damu hurudi chini kwa urahisi na shinikizo hushuka. Mikono miwili na kitanda vinatosha.

Alama ya chini kabisa ya fahamu si sifuri, ni 3

Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Scotland, walitoa kipimo cha fahamu kisichohitaji mashine, umeme wala damu ya mgonjwa. Macho yana alama 4, usemi 5, mwili kuitikia 6. Jumla ni 15. Anayeshindwa yote bado hupata 1 katika kila kipengele, na ndiyo maana ya hiyo 3.

Kituo cha afya cha daraja la III, kama kile cha Dranya, kwa mpangilio wa Uganda hakina chumba cha upasuaji; hicho kinatakiwa kuanzia daraja la IV. Lakini kipimo hiki kinafanyika papo hapo, na nesi ndiye anayekifanya. Anamwita majeruhi kwa jina. Anamwuliza yuko wapi na leo ni siku gani. Anamwambia anyanyue vidole viwili. Akikaa kimya, anambinya ukucha kwa kalamu na kuangalia mkono: unausukuma ule wa nesi, unajikunja, au umelala tu? Kisha anaandika namba na saa, na baada ya muda anarudia.

Lugha hapa ni sehemu ya dawa. Mkakwa, mwenyeji wa Koboko, akiulizwa kwa Kiingereza akababaika, huenda ubongo wake ni mzima na swali tu halikueleweka. Muulize kwa Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili, lugha anayoitumia ndotoni.

Alama 8 kushuka chini ni kengele ya hatari. Mtu wa aina hiyo hawezi tena kulinda koo lake. Akitapika, matapishi huingia mapafuni. Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa usingizi aweke mrija, hata kama hakuna upasuaji wowote utakaofanywa.

Presha kushuka mara moja tu huongeza vifo maradufu

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za majeruhi 717 walioumia vibaya kichwani. Wale ambao namba ya juu ya presha yao ilishuka chini ya 90, hata mara moja, walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Upungufu wa oksijeni nao ulikuwa na madhara yake.

Kwa hiyo kuna majeraha mawili. La kwanza ni la ajali yenyewe, na hilo limeshatokea. La pili huja baadaye, njiani au wodini, kwa kukosa hewa na damu. Kulizuia hilo la pili ndiyo kazi kuu ya wataalamu wa usingizi.

Majeruhi anaweza kuinuka, kukung'uta vumbi, kuongea vizuri, halafu akazimika

Panjani fuvu ni jembamba, na ndani yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa huchanika na damu hujikusanya polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kwa saa kadhaa mtu anaonekana mzima. Wenzake humwambia akapumzike. Kisha kichwa kinauma, anatapika, anasinzia, na mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili.

Kinachostaajabisha ni kwamba damu hiyo ikitolewa mapema, mgonjwa anaweza kuamka na kuishi kama kawaida, kwa sababu mara nyingi ubongo wenyewe haukuumia sana. Uhai wake uko kwenye saa. Kutoka mji wa Koboko hadi Arua, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kilomita 55 hivi. Kutoka Arua hadi hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, ni karibu 500.

Wakisii walifungua mafuvu zamani sana

Kusini-magharibi mwa Kenya, wataalamu wa jadi wa Wakisii (Abagusii) wanaoitwa ababari walikwangua fuvu la mtu aliyegongwa kichwani na kuendelea kuumwa. Madaktari walioandika habari zao katikati ya karne ya 20 walikuta watu waliopona na kuendelea na shughuli zao, baadhi yao wakiwa wamefanyiwa zaidi ya mara moja.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu ukiguswa. Ngozi ya kichwa ndiyo inayosikia. Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya ubongo ya Montreal mwaka 1934, aliutumia ukweli huo: aliweka ganzi kwenye ngozi, akafungua fuvu, na mgonjwa akaendelea kuzungumza naye akiwa macho. Upasuaji wa namna hiyo bado unafanyika, na mara nyingi mtaalamu wa usingizi ndiye mwenye kazi ya kupiga soga na mgonjwa.

Dripu ya sukari, inayopendwa na wagonjwa, inaweza kuuvimbisha ubongo ulioumia

Sukari ikishatumiwa na mwili, yanabaki maji matupu, na maji hayo huingia kwenye seli za ubongo. Ndiyo sababu majeruhi wa kichwa huwekewa dripu ya chumvi, isipokuwa kama sukari yake imeshuka.

Dawa za steroidi nazo zilitumiwa kwa zaidi ya miaka 30 kwa imani kwamba hupunguza uvimbe. Utafiti wa kimataifa wa watu 10,008 uliochapishwa mwaka 2004 ukaonyesha kinyume: katika wiki 2 za kwanza walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Dawa iliyoaminika hivyo, kumbe ilikuwa inaua.

Ketamini ilisingiziwa kwa miongo kadhaa

Dawa hii ya usingizi ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na ndiyo tegemeo la hospitali nyingi za wilaya Afrika: mgonjwa analala macho yakiwa wazi, anaendelea kupumua mwenyewe, na presha haiporomoki. Tangu miaka ya 1970 vitabu vilionya isimguse mwenye jeraha la kichwa. Tafiti za baadaye zilikuta kwamba mgonjwa akipumuliwa vizuri shinikizo la fuvu halipandi, na kule kushikilia presha ni faida tupu kwake. Dawa rahisi ya wilayani ilikuwa na sifa njema muda wote huo.

Uganda iliwahi kuwa na madaktari wa usingizi 13 kwa watu milioni 27

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2007. Uingereza wakati huo ilikuwa nao 12,000 kwa watu zaidi ya milioni 60. Kazi iliyobaki ilifanywa na maofisa wa usingizi wasio madaktari, 330 hivi, na ni asilimia 23 tu ya walioulizwa waliosema wana vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Madaktari wameongezeka tangu wakati huo, lakini huko wilayani maofisa hawa bado ndio nguzo. Nawaheshimu mno.

Kuna mashine ya usingizi iliyobuniwa na Dkt. Paul Fenton, aliyefanya kazi Blantyre, Malawi. Umeme ukikatika na oksijeni ikakatika, inaendelea kwa kuvuta hewa ya chumbani. West Nile, kanda iliko Koboko, iliyokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikitegemea jenereta na kituo kidogo cha umeme cha Nyagak chenye megawati 3.5, inajua thamani ya kifaa cha aina hiyo.

Chumba cha wagonjwa mahututi kilizaliwa mikononi mwa wanafunzi

Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, Denmark. Katika wiki za mwanzo, wagonjwa 27 kati ya 31 waliopooza misuli ya kupumua walikufa. Ndipo akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Alifanya wodini kile alichozoea kufanya kwenye chumba cha upasuaji: tundu shingoni, mrija, na mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwepo, basi wanafunzi wapatao 1,500 wa chuo kikuu wakabinya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi maalumu, na vyumba vyote vya wagonjwa mahututi (ICU) vya leo ni uzao wake.

Pombe ya ndizi iliwahi kuwa nusu kaputi

Mwaka 1879 huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro-Kitara, Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea, na pombe hiyohiyo ikatumika kunawia mikono na kusafishia tumbo. Felkin aliandika kwamba mama na mtoto wote walipona. Usafi na usingizi, vyote kwenye kibuyu kimoja.

Jina la West Nile linajulikana duniani kwa kirusi cha ubongo

Desemba 1937, wachunguzi wa homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, katika iliyokuwa wilaya ya West Nile, wakakuta kirusi kipya kinachoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1999 kilitokea New York. Wachache wanaovimba ubongo kwa kirusi hicho hutunzwa sawa na majeruhi wa boda boda: pumzi, presha, na kitanda kilichoinuliwa.

Helmeti ya pikipiki hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69

Na vifo kwa asilimia 42. Hakuna dawa yoyote katika ukurasa huu inayofikia hapo.

Dawa ya hedhi nzito na ya uzazi imeingia vichwani

Mwaka 1962 Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, walitangaza dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, asidi ya traneksamiki. Bi Utako alikuwa na ndoto ya kuwaokoa akina mama wanaokufa kwa damu wakijifungua, na leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya majeruhi wa kichwa 12,737 kutoka nchi 29: wenye jeraha dogo au la wastani waliopewa dawa ndani ya saa 3 walikufa wachache zaidi, na waliowahi kuipata ndio walionufaika zaidi. Kwa majeraha makali sana tofauti haikuonekana. Ni sindano ya mshipani, haihitaji mpasuaji, na kutoka Koboko hadi Arua ni safari inayoingia ndani ya hizo saa 3, mradi gari lipatikane.