Tazameni Dirisha Mpaka Chini

Oktoba ikifika, Wakatoliki tukaanza rozari za jioni, hawakosekani wa kutuuliza kwa nini tunamwabudu Maria. Sina hamu ya kubishana kwa aya. Laiti ningeweza, ningewapeleka kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, wasimame mbele ya dirisha liitwalo Belle Verrière, walitazame kutoka juu mpaka chini.

Juu kuna njiwa, Roho Mtakatifu, na miali yake inashuka hadi kichwani pa Maria. Mama amevikwa taji, ameketi kwenye kiti cha enzi, vazi lake la buluu ya kobalti liking'aa katikati ya wekundu mkali. Wengi huishia hapo, wakalalamika kwamba tumemtawaza mwanamke. Lakini yeye amempakata nani? Mwana yuko magotini pake, ametazama mbele, mkono umeinuliwa kubariki. Mama mwenyewe ndiye kiti. Ndiyo maana kwenye Litania tunamwita Kikao cha Hekima. Haya, shusheni macho. Chini kuna majaribu ya Yesu nyikani, na arusi ya Kana, ambako Maria aliona divai imekwisha, akamwambia Mwanawe, kisha akawaagiza watumishi wamtii huyo. Kuabudu mwanamke kuko wapi hapo?

Vioo vya Mama na Mwana ni vya mnamo 1180. Moto wa 1194 uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa, vyenyewe vikanusurika; wajenzi wakavirudisha katika kanisa jipya na kuvizungushia malaika. Mwaka 1939, vita ikinukia, madirisha ya kanisa zima yaliondolewa yakafichwa.

Upande wa magharibi wa kanisa hilo kuna dirisha la mti wa Yese, baba wa Daudi: amelala, shina limemtoka mwilini, wafalme wamepandana, Maria juu yao, Kristo kileleni. Maria ni tawi.

Kinachonikera ni sisi wenyewe. Siku hizi makanisa mapya mengine yanabandikwa plastiki za rangi madirishani, zimechapwa picha yoyote iliyopatikana: Mama peke yake, maua pande zote, Mwana hayupo. Halafu tunakasirika tukiulizwa tunamwabudu nani.

Ndugu zangu wa kamati za ujenzi, kabla hamjamlipa fundi, mwiteni katekista aitazame picha, awaonyeshe Yesu yuko wapi.